Nilikula Matanga Yangu Nikiwa Hai

"Nuseni! Nuseni wenyewe!"

Mwiko ulikuwa unapitishwa puani kwa wazazi, mmoja baada ya mwingine, kama panga lililokutwa na damu.

"Siagi! Leo Ijumaa! Katikati ya Mfungo Mkuu! Yeshimebet amewafungulisha watoto wenu wote!"

Na aliyeshika ule mwiko ni Asnakech.

Asnakech!!

Mwanamke niliyeshuka naye msitu wa Entoto na mizigo ya kuni mgongoni tangu tukiwa wasichana. Mwanamke ambaye binti yake nilimbeba mimi mbele ya padri siku ya ubatizo. Na kwetu ukimbeba mtoto wa mtu siku ile, wewe na mama yake mmeshakuwa damu moja.

Jamani... adui akikuchoma kisu anabahatisha tu. Rafiki anajua mbavu zako zilipo.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, maana najua kuna watakaokuja kwenye maoni na ujuaji wao.

Mimi ni Yeshimebet wa Shiro Meda, Addis Ababa. Sikusoma shule. Kusoma nilijifunza kwa mishumaa ya kampeni ya kufuta ujinga, mtoto yuko mgongoni, na tangu siku hiyo hakuna mkubwa aliyenisomea karatasi akaruka mstari. Sisahau. Ukinikanyaga leo, wajukuu zako watakuja kunisikia nikilisema.

Pale kwenye shule yetu ya serikali palikuwa na jiko. Akina mama wa mtaa tunapika, watoto wanakula asubuhi kabla ya darasa, na mchana tena. Lile jiko halikushuka kama mvua. Tulililia! Watoto walikuwa wanaanguka kwenye mstari wa bendera kama maharage yanavyodondoka kwenye gunia bovu. Na nakumbuka vizuri kabisa Mwalimu Mkuu Wubshet alisimama kwenye kikao akasema, "Njaa ya nyumbani haituhusu walimu."

Alisema hivyo. Akiwa ameshiba.

Tukapigana, jiko likaja. Mimi nikawa msimamizi, Asnakech mwenzangu.

Tulikuwa na vyungu viwili. Kikubwa ni cha shiro, mchuzi mzito wa unga wa njegere, wa wanafunzi wote. Siku za mfungo hatuli kitu chochote cha mnyama, kwa hiyo hatutii siagi humo hata tone. Kidogo ni cha uji mzito wa shayiri wa watoto wa chekechea. Wale hawafungi, hata padri analijua hilo, kwa hiyo wao tunawatilia siagi ili mifupa ishike.

Siagi yenyewe ilitoka kwa Emama Tiruwork, mama mzazi wa Asnakech, bibi mwenye ng'ombe wake kule Sululta. Alikuwa anaitoa bure, kwa ajili ya wale wadogo tu. Ilikaa nyumbani kwa Asnakech, naye kila asubuhi alikuja na bonge dogo ndani ya jani.

Sasa Ijumaa ile, chungu kikubwa kikanuka siagi mpaka nje ya geti.

"Mama Yeshi," Mwalimu Mkuu akaniuliza mbele ya umati. "Ulitia siagi?"

"Kwenye chungu kidogo. Kama kila siku."

"Asnakech, na wewe unasemaje?"

Hakunitazama.

"Nilimwona kwa macho yangu akimimina kwenye kikubwa. Nikamkataza. Akanijibu... Mungu hali chakula cha shule."

Lo!

Sijawahi kusema maneno hayo. Lakini mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, na sentensi ile ilinikaa kama gauni nililopimiwa na fundi. Kila mtu aliamini. Hata mimi nusura niamini.

"Kafiri mkubwa!"

"Mtoto wangu alikuwa hajakosa mfungo tangu mwaka juzi!"

"Toka! Toka hapo jikoni!"

Kijana mmoja wa Kiislamu wa darasa la tano akauliza kwa sauti, "Kwani siagi imekosa nini?" Dada yake akamlamba kofi la kisogo.

Mwalimu Mkuu akainua mkono.

"Kwa kuheshimu imani za wazazi, jiko limefungwa kuanzia leo."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka itakapoamuliwa."

"Na watoto watakula nini?"

"Watakula makwao."

"Makwao wapi? Kalkidan wa darasa la tatu anaishi na bibi yake asiyeona. Anakula kwa nani?"

Akatazama saa yake. Tena saa yenyewe ilikuwa imesimama, naijua!

Jumatatu nikapita shuleni. Nikashangaa... jiko letu limepakwa rangi! Ukuta umetobolewa, kumewekwa dirisha. Sambusa, biskuti, chai ya moto. Mwenye sarafu ananunua. Asiye nayo anasimama pembeni anakula kwa macho.

Na nyuma ya dirisha, kafunga kilemba kipya...

Mnajua ni nani.

"Kumbe!!" nikasema.

"Yeshi, sogea. Unawazibia wateja."

"Wateja? Asnakech, hawa ni watoto!"

"Dunia ya leo ni kujipanga, dada. Wewe na kelele zako za miaka yote, zimekupa nini?"

"Zimewapa watoto hilo jiko unalolifanyia biashara!"

"Basi nenda kapige kelele tena likarudi." Akacheka. "Nani atakusikiliza? Mla siagi wa Ijumaa!"

Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka. Puu!

Alikuwa Kalkidan. Chini. Uso kwenye vumbi, begi bado mgongoni.

Nilimbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko mzigo wowote wa kuni niliowahi kubeba, na alipofumbua macho akaninong'oneza, "Mama Yeshi, usimwambie bibi. Atanipa chakula chake."

Hapo ndipo nilipoapa. Lile jiko litafunguliwa. Nife, nioze, lakini litafunguliwa.

Na kweli ikabidi nife. Subirini.

Jumapili kukaitishwa kikao cha chama chetu cha kuzikana. Kwetu huwezi kuishi bila chama hiki. Ukifiwa, mpiga baragumu anazunguka mtaa kutangaza, hema la msiba linasimamishwa barabarani siku tatu, vyungu vinakuja, mabenchi yanakuja, akina mama wanapika, na kila anayeingia anakula. Ukitolewa chamani, siku ukifa maiti yako inatazamana na ukuta.

Mwenyekiti ni Gashe Demissie. Mzee wa haki, lakini anapenda kanuni kuliko mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye anayesema.

"Yeshimebet," akaanza. "Mtaa umechafuka kwa ajili yako. Omba radhi mbele ya watu, au tukutoe chamani."

Nikasimama.

"Nitoeni. Lakini nipeni kilicho changu kwanza."

"Kipi?"

"Hema. Siku tatu. Vyungu, mabenchi, kuni, nafaka na akina mama wa kupika. Nimechangia chama hiki tangu nywele zangu nyeusi."

"Umefiwa?" Akashtuka. "Na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Kicheko!

"We mama umechanganyikiwa! Wewe si uko hai?"

"Kwenu niko hai? Mmenitukana, mmenikimbia, hata salamu hamnipi. Leo mnataka kunifuta jina. Mtu wa hivyo mnamwitaje, Gashe? Nionyeshe kanuni inayosema marehemu lazima awe amelala!"

Akina mama wa nyuma wakaanza kucheka, wameziba midomo kwa mashuka waliyojitanda. Mzee akavuta kitabu cha kanuni, akafunua, akafunua... akakuna kichwa.

"Haipo," akasema taratibu.

"Haya!"

"Lakini sikiliza, Yeshi. Ukichukua leo, siku ukifa kweli hupati kitu. Hakuna baragumu. Hakuna hema. Hakuna hata benchi moja."

Wacha niwe mkweli, niliogopa. Mimi mjane. Sina mtu. Niliwahi kuona maiti isiyo na hema, na sikuwahi kusahau jinsi mvua ilivyoipiga.

Lakini nikamwona Kalkidan na begi lake vumbini.

"Siku nikifa kweli, Gashe, sitakuwa na njaa. Wenye njaa wako shuleni, na ni leo. Mimi mkinifunga mkeka mkaniacha kwa fisi wa Entoto sawa tu. Wale fisi tunajuana tangu enzi za kuni."

Mzee akafunga kitabu.

"Mpeni hema lake."

"Lisimame wapi?" kijana mmoja akauliza.

"Pale pale penye kifo changu," nikajibu. "Mbele ya geti la shule!"

Alfajiri ya Jumatatu baragumu likalia Shiro Meda nzima.

"Sikieniii! Mwenzetu Yeshimebet wa jiko la shule amefariki! Hema liko kwenye geti la shule! Marehemu mwenyewe anasema watoto waje na vikombe!"

Walikuja, jamani! Sare za bluu zilijaa hemani. Akina mama wawili wakaja kupika kwa sababu kanuni inawalazimisha, wamenuna kama mbuzi walionyeshewa. Mpaka mchana walikuwa wanane, na hakuna aliyenuna. Kupikia watoto kuna uchawi wake.

Shiro ile haikuwa na siagi hata chembe. Nilimwita kila mama mwenye wasiwasi, nikamwambia, "Weka pua yako humu." Wakaweka.

Mwalimu Mkuu akatoka mbio.

"Nini hiki? Ondoeni hema hili mara moja!"

"Mwalimu," nikamwambia kwa upole wa mtu aliyekufa. "Hapa ni msibani. Vua kofia."

"Wewe—"

"VUA KOFIA!" hema zima.

Kwetu hata mfalme anavua kofia kwenye hema la msiba. Akavua. Nikamletea sahani, maana anayeingia lazima ale. Akala shiro yangu, kijiko kwa kijiko, huku watoto aliowafungia jiko wamemkodolea macho.

Baadaye akaita polisi. Akaja askari kijana, kofia tayari mkononi, mtoto wa watu kalelewa.

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Ni mimi, baba."

Akanitazama. Akatazama watoto. Akatazama chungu.

"Pole sana, mama," akasema, akakaa chini akanawa mikono.

Hapo nilicheka mpaka nikalia.

Lakini siku zilikwenda. Siku ya tatu nafaka ilikuwa inaisha, hema linang'olewa jioni, na jiko bado ni duka. Asnakech alikuwa dirishani na trei lake la sambusa zilizopoa. Wubshet alisimama kwenye geti la shule, akitabasamu.

"Vipi, marehemu," akaniita. "Kesho utakufa tena?"

Nilikuwa nimeuza maziko yangu kwa siku tatu za shiro, na kesho Kalkidan angesimama tena pembeni ya lile dirisha.

Ndipo tukasikia kilio.

Siyo kelele. Kilio. Kile cha kwetu cha kuita, kinachomfanya mtu atoke ndani bila viatu.

Alikuwa Emama Tiruwork. Ametoka Sululta, mgongo umepinda, fimbo mkononi. Shuka lake jeupe amelivaa kwa kuligeuza, pindo limepanda shingoni. Kwetu hiyo maana yake umefiwa.

Nikadhani amekuja kunililia mimi kwa mzaha. Nikasogea nimpokee.

Akanipita.

Akasimama katikati ya hema, akajipiga kifua.

"Asnakech wangu! Asnakech wangu weee!"

Watu wote wakasimama.

"Binti yangu aliyebeba kuni bila kulalamika, nani ameniulia?"

"Binti yangu aliyekata mkate wake akampa jirani, mmemlaza wapi?"

Kule dirishani trei likaanguka. Kwa! Sambusa zikatawanyika. Asnakech akaja mbio, kilemba kimefunguka.

"Mama! Mama, mimi hapa! Niko hai! Nani kakudanganya?"

Yule bibi akamtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia.

"Samahani, dada. Nina msiba. Usinisimamie mbele."

"Mama, ni mimi!"

"Binti yangu namjua," akasema, na sasa hakuwa analia kabisa. "Jumatano, kabla ya Ijumaa ile, alinijia. Kila siku bonge moja linawatosha wale wadogo. Siku ile akaomba kibuyu kizima. Nikamuuliza cha nini, akasema watoto wameongezeka. Nikampa, kwa sababu binti yangu hasemi uongo. Juzi sokoni naambiwa siagi yangu imekuwa dhambi ya Addis Ababa."

Akageukia umati.

"Jamani, kibuyu kizima kiliingia chungu gani? Na kwa mkono wa nani? Binti yangu angeniambia. Lakini ndiyo hivyo, amekufa."

Hata watoto waliacha kutafuna.

Asnakech akapiga magoti. Akashika pindo la nguo ya mama yake, mama akalivuta.

"Kikubwa, mama!" akapasuka. "Niliimimina mimi! Yeshi alikuwa nje anachota maji... Mwalimu Mkuu aliniambia jiko likifungwa, dirisha litakuwa langu, faida tugawane! Niite, mama! Niite jina langu, nakuomba!"

Bibi hakumwita.

Wubshet akaweka kofia yake kichwani taratibu, akaanza kurudi kinyumenyume. Akagonga kitu. Alikuwa yule askari kijana.

"Kaa, Mwalimu," akamwambia. "Msiba haujaisha."

Wazazi wale wale walioniita kafiri ndio waliomzunguka. Hawakumgusa. Walinyoosha mikono tu, wakisubiri, mpaka akatoa ufunguo wa jiko mfukoni.

Jioni ile hema liling'olewa. Asubuhi yake moshi ulitoka jikoni.

Najua mtaniuliza ya Wubshet. Hawakumfukuza. Watu kama yeye hawafukuzwi, wanahamishwa! Mimi najua shule aliyopelekwa, na nimeshakwenda kunywa kahawa na akina mama wa kule. Tumeongea vizuri sana.

Asnakech je? Yuko jikoni. Anamenya vitunguu. Mwiko sijamrudishia na sina haraka. Mama yake alikaa mpaka mfungo ukaisha bila kumwita jina, halafu siku ya Pasaka akamwambia, "Asnakech, niletee maji." Tulisikia kilio mtaa mzima. Mimi sikulia. Nilisema sisahau, sikusema sioni.

Halafu Gashe Demissie akanijia na wazee wake, nguo nyeupe, nyuso za toba.

"Yeshi, chama kimekaa. Tulikuonea. Tumeamua kukurudishia maziko yako. Baragumu, hema, kila kitu."

Mlidhani nilipiga vigelegele?

"Sitaki," nikamwambia.

"Husemi kweli!"

"Nilipewa changu nikakila. Watoto walishiba. Kwa nini nile mara mbili? Hilo hema mnalotaka kunipa, mpeni aliye hai akilihitaji."

Wakaondoka vichwa chini. Nikadhani yameisha.

Weee! Wiki iliyofuata mzee mmoja fundi viatu akaenda chamani. "Na mimi nimekufa. Nataka hema langu mbele ya zahanati, haina dawa." Kesho yake wakaja akina mama sita wafumaji, wote marehemu, kwa ajili ya bomba la maji lililokauka. Gashe Demissie akakimbilia kitabu chake, akaandika kanuni mpya kwa wino mwekundu: marehemu lazima awe amekufa.

Wamechelewa. Watu wameshaonja.

Funzo langu ni hili, na anayetaka alichukue. Masikini tunachanga maisha yetu yote ili tuheshimiwe siku tusiyosikia. Tunanyamaza leo ili tuzikwe vizuri kesho. Nani alitufundisha hivyo? Mimi nimeamua heshima yangu naitumia nikiwa na meno ya kuitafunia.

Na mkubwa unayesoma hapa ukitabasamu: vyoo vya wasichana pale shuleni havina milango. Kesho asubuhi nakuja ofisini kwako. Hema sina tena.

Mdomo ninao.